Louis Krasner, Mpiga Fidla Aliyeomba Muziki Mpya



Mazungumzo haya ni juu ya mpiga fidla wa Marekani, jina lake Louis Krasner. Katika zama zake walikuwako wapiga fidla waliojulikana zaidi kuliko yeye, na waliopata fedha nyingi zaidi. Walakini jina lake halikusahauliwa, kwa sababu ya kazi moja ambayo wengi wa wenziwe waliikwepa. Alikwenda kwa watunzi waliokuwa hai, akawaomba muziki mpya. Akajifunza muziki huo ijapokuwa ulikuwa mgumu. Kisha akaupiga mbele ya watu ambao mara nyingi hawakutaka kuusikia.

Fidla si chombo kigeni katika nchi hizi. Katika miji ya pwani na Unguja wapiga taarabu wameizoea tangu zamani, na huko Nyanza Wajaluo wana orutu, chombo chenye uzi mmoja kipigwacho kwa upinde, ambacho ni kama ndugu yake. Fidla ina nyuzi nne. Mpigaji huibana chini ya kidevu, huvuta upinde kwa mkono wa kulia, na kwa vidole vya mkono wa kushoto huzikandamiza nyuzi. Hapana alama yo yote ya kumwonyesha mahali pa kuweka kidole. Sikio lake ndilo linalomwongoza. Kwa hiyo mtu huanza kujifunza angali mtoto, na huendelea kujifunza hata mvi zikamtoka.

Heshima kubwa ya mpiga fidla wa Ulaya na Marekani ni kupiga koncheto. Huo ni muziki mrefu ambao mpigaji mmoja husimama mbele, na okestra nzima, pengine watu themanini, hujibizana naye. Koncheto zipendwazo sana zilitungwa na watu waliokufa zamani: Beethoven, Mendelssohn, Brahms. Kijana akiisha kuzishika vyema, zaweza kumlisha maisha yake yote. Muziki mpya hauna faida kama hiyo. Mpigaji hukaa miezi mingi akijifunza, huenda akaupiga mara moja tu, na wenye majumba ya muziki huogopa kwamba viti vitakuwa vitupu.

Hata hivyo, koncheto ya Beethoven nayo ilipata kuwa mgeni asiyekaribishwa. Ilipigwa mara ya kwanza mjini Vienna mwaka wa 1806, kisha kwa muda wa miaka karibu arobaini ni wachache tu waliojishughulisha nayo. Ilipata uhai mpya mwaka wa 1844, mtoto wa miaka kumi na miwili, Joseph Joachim, alipoipiga mjini London, na Mendelssohn akiongoza okestra. Basi hata muziki wa mtu mkuu namna ile ulihitaji mtu wa kuusemea.

KIJANA WA CHERKASY

Krasner alizaliwa mwaka wa 1903 katika mji wa Cherkasy, nchi ya Ukraine, ambayo siku zile ilikuwa chini ya Mfalme wa Urusi. Jamaa zake walikuwa Wayahudi. Alipokuwa na umri wa miaka mitano alipelekwa Marekani, akakulia katika mji wa Providence, jimbo la Rhode Island. Alisoma muziki katika chuo kiitwacho New England Conservatory, mjini Boston, akamaliza mwaka wa 1922. Kisha akavuka bahari kwenda Ulaya, akajifunza kwa waalimu mashuhuri watatu: Carl Flesch, Lucien Capet na Otakar Ševčík.

Mtu aliyepita mikononi mwa waalimu hao alikuwa na kila kitu cha kumpatia riziki kwa kupiga muziki wa zamani uliopendwa. Krasner hakutosheka na hayo. Alikuwa ameisikia opera ya Wozzeck, iliyotungwa na Alban Berg wa Vienna, nayo ilimwingia moyoni. Akajiuliza muziki wa mtu huyo ungekuwaje kama ungetungwa kwa ajili ya fidla.

OMBI KWA ALBAN BERG

Mapema mwaka wa 1935 Krasner alimwomba Berg amtungie koncheto, kwa malipo ya dola 1,500. Berg alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mmoja wa wanafunzi wakuu wa Arnold Schoenberg. Alikuwa katika dhiki. Tangu Hitler aliposhika utawala wa Ujerumani mwaka wa 1933, muziki wake ulikuwa hautakiwi tena katika nchi ile, na pato alilokuwa akilipata kwa opera yake lilikauka.

Ijapokuwa alihitaji fedha, Berg hakukubali upesi. Alimwambia Krasner kwamba wapiga fidla hupenda muziki wa kuonyesha wepesi wa vidole, kama ule wa Wieniawski na Vieuxtemps, na yeye hakuwa mtunzi wa namna hiyo. Krasner akamjibu kwamba Mozart na Beethoven nao walitunga koncheto za fidla. Kisha akatoa hoja iliyomgusa Berg zaidi. Watu wengi walikuwa wakisema kwamba muziki wa Schoenberg na wanafunzi wake ni hesabu tupu, hauna huruma wala majonzi. Krasner alimwambia Berg kwamba yeye ndiye awezaye kuwajibu watu hao, maana fidla ni chombo cha kuimba, na fidla ikiimba kwa muziki huo hapana atakayeweza kusema tena kwamba hauna moyo.

Berg alipokubali, alitaka kwanza kumjua mpigaji. Alimwomba Krasner apige fidla mbele yake, lakini asipige koncheto yo yote. Apige tu lo lote limjialo. Akamsikiliza kwa saa nyingi, kama mshonaji ampimaye mtu mabega na mikono kabla ya kutia mkasi katika kitambaa.

Mwezi wa Aprili mwaka ule msiba ulitokea. Binti mmoja aliyependwa sana na Berg na mkewe, Manon Gropius, alikufa kwa ugonjwa wa polio, naye alikuwa na miaka kumi na minane tu. Mama yake alikuwa Alma Mahler, mjane wa mtunzi Gustav Mahler, na baba yake alikuwa Walter Gropius, msanifu wa majengo. Berg akaiweka kando opera aliyokuwa akiitunga, jina lake Lulu, akaishika koncheto. Kwa desturi alikuwa mtu wa kuandika polepole mno. Mara hii aliandika kama mtu afukuzwaye, katika nyumba yake karibu na ziwa la Wörthersee, akaimaliza tarehe 11 Agosti, 1935. Juu yake aliandika kwamba ni kwa ukumbusho wa malaika.

Karibu na siku zile aliumwa na mdudu. Palifanya jipu, jipu likaleta sumu katika damu, na siku moja kabla ya Krismasi mwaka ule ule Berg akafa. Hakupata kuisikia koncheto yake. Opera ya Lulu nayo ilibaki bila kumalizika.

SAUTI KUMI NA MBILI

Yafaa kueleza kwa nini muziki huo ulionekana mgumu. Mtu akitazama piano ataona kwamba kutoka sauti moja mpaka kufikia ile ifananayo nayo juu yake, mna vibao saba vyeupe na vitano vyeusi, jumla yake kumi na viwili. Katika nyimbo nyingi za Ulaya sauti moja huwa kama mwenye nyumba. Nyingine hutoka zikatembea, lakini jioni hurudi kwake. Schoenberg alibuni utaratibu mwingine. Sauti zote kumi na mbili hupangwa katika safu, kila moja ikangoja zamu yake, wala hapana iliyo mkuu wa wenzake. Msikilizaji aliyezoea kurudishwa nyumbani huona kwamba ameachwa njiani.

Berg aliipanga safu yake kwa busara. Ndani yake aliziweka zile sauti nne ambazo nyuzi za fidla hutoa zisipoguswa na kidole. Kwa hiyo koncheto yaanza na fidla ikipita juu ya nyuzi zake nne, kutoka chini kwenda juu na kurudi, polepole, kama mtu ajaribuye chombo chake kabla ya kuanza kazi. Baadaye hutokea wimbo wa wenyeji wa nchi ya Carinthia. Karibu na mwisho husikika wimbo wa kanisa alioupanga Johann Sebastian Bach zaidi ya miaka mia mbili kabla yake, wimbo wa mtu aombaye ruhusa ya kupumzika. Sauti nne za kwanza za wimbo huo huenda kwa hatua zile zile za sauti nne za mwisho za safu ya Berg. Basi muziki wa kale na muziki mpya hukutana mlango mmoja, na mwisho fidla hupanda juu sana na kunyamaza pole.

Koncheto nzima huchukua muda wa dakika ishirini na tano hivi. Msikilizaji asiyejua lo lote juu ya safu na hesabu zake aweza kuifuata, maana masikitiko ya mtu aliyefiwa hayahitaji mkalimani.

BARCELONA NA LONDON

Muziki ulioandikwa karatasini ni bubu mpaka apatikane wa kuupiga. Koncheto ilipangwa kusikilizwa mara ya kwanza mjini Barcelona, Hispania, tarehe 19 Aprili, 1936, katika mkutano wa chama cha mataifa cha muziki wa siku hizo. Aliyechaguliwa kuongoza okestra alikuwa Anton Webern, mtunzi wa Vienna, rafiki wa Berg tangu ujana wao.

Krasner na Webern walisafiri pamoja kwa gari la moshi. Baadaye Krasner alisimulia kwamba Webern alichagua njia ya kupita Munich, katika Ujerumani ya Hitler, ijapokuwa ilikuwako njia nyingine. Walipofika stesheni ya Munich walishuka wakanywa bia, kisha Webern akamwuliza Krasner kama kuna mtu ye yote aliyemdhuru. Alitaka kumwonyesha rafiki yake Myahudi kwamba mambo yasemwayo juu ya Ujerumani yalikuwa yametiwa chumvi. Miaka iliyofuata ilionyesha jinsi alivyokosea.

Huko Barcelona mambo yaliharibika. Webern alikuwa na majonzi ya rafiki yake, na wapigaji wa okestra hawakufahamu vyema maneno yake. Alitaka kila sauti itoke kama alivyoisikia moyoni, hata mazoezi yakaisha na kurasa chache tu ndizo zilizokuwa zimeguswa. Mwishowe alijitoa. Kazi akapewa Hermann Scherchen, kiongozi mwingine, ambaye alipata muziki huo usiku wa kuamkia siku yenyewe. Akawa na nafasi ya mazoezi machache mno kabla ya watu kuingia.

Katika hali hiyo ndipo ilipoonekana thamani ya mpigaji aliyejiandaa. Kiongozi alikuwa amebadilishwa, okestra ilikuwa haijaujua muziki vema, na mtunzi alikuwa kaburini. Mtu mmoja tu katika jumba lile ndiye aliyekuwa ameishika koncheto yote, naye alikuwa Krasner. Alisimama akaipiga, na wengine wakamfuata mpaka mwisho. Miezi mitatu baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Hispania.

Tarehe 1 Mei, 1936, Krasner aliipiga tena mjini London pamoja na okestra ya BBC. Safari hii Webern aliongoza, na kazi ilikwenda vizuri. Tamasha hiyo ilinaswa katika sahani za santuri, naye Krasner akazitunza miaka mingi. Zaidi ya miaka hamsini baadaye zilitolewa kwa watu wote, na hivyo dunia ikapata kusikia jinsi Webern alivyomwomboleza rafiki yake kwa mikono ya okestra.

SIKU YA VIENNA

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule koncheto ilifika Vienna, mji wa Berg mwenyewe. Okestra ilikuwa ile maarufu ya Vienna Philharmonic, na kiongozi alikuwa Otto Klemperer. Wakati huo chuki juu ya Wayahudi, na juu ya muziki uliohesabiwa kuwa wao, ilikuwa imeenea sana katika mji huo. Berg hakuwa Myahudi, lakini mwalimu wake Schoenberg alikuwa Myahudi, na hayo yalitosha kuwafanya watu waukatae muziki wake.

Krasner alisimulia kwamba muziki ulipokwisha, wapigaji wa okestra waliinuka wakaondoka jukwaani, wakamwacha mgeni wao amesimama. Mmoja tu ndiye aliyebaki: mzee Arnold Rosé, aliyekuwa akiongoza wapiga fidla wa okestra ile tangu mwaka wa 1881. Mzee huyo alikaa ili ampe Krasner mkono. Mwaka wa 1938 Ujerumani ilipoitwaa Austria, Rosé mwenyewe alifukuzwa katika okestra kwa sababu ya Uyahudi wake, akakimbilia London, akafa huko mwaka wa 1946.

Krasner hakuiacha koncheto kwa ajili ya aibu aliyofanyiwa. Mwaka wa 1937 aliipeleka Boston, akaipiga pamoja na okestra ya mji ule, na Serge Koussevitzky akiongoza. Mwaka wa 1940 aliipiga kwa santuri pamoja na okestra ya Cleveland, chini ya Artur Rodziński. Kwa santuri hiyo, mtu aliyekaa mbali na miji yenye okestra aliweza kuisikia nyumbani kwake, tena akairudia mara kumi akipenda. Muziki mpya hufaidika sana na jambo hilo, maana mara nyingi sikio halijui limesikia nini mpaka limesikia mara ya pili.

KONCHETO YA SCHOENBERG

Baada ya Berg, Krasner alimgeukia mwalimu wake. Schoenberg alikuwa amekimbia Ujerumani mwaka wa 1933, akahamia Marekani, na mwaka wa 1936 alimaliza koncheto ya fidla akamtolea Webern. Muziki huo ulikuwa mgumu mno kwa vidole, hata watu wakasema kwamba ulitaka mpigaji mwenye vidole sita. Jascha Heifetz, ambaye wengi walimhesabu kuwa wa kwanza kati ya wapiga fidla wa dunia, aliutazama asiupige. Krasner akauchukua, akakaa nao mpaka mkono wake ukauzoea.

Aliupiga mara ya kwanza tarehe 6 Desemba, 1940, pamoja na okestra ya Philadelphia. Kiongozi alikuwa Leopold Stokowski. Wakuu wa okestra hawakutaka kutoa ujira wa mpigaji kwa ajili ya muziki kama huo. Stokowski akamlipa Krasner kwa fedha zake mwenyewe. Siku ya tamasha watu wengine walizomea, na wengine wakaondoka kabla ya mwisho. Krasner alipiga mpaka sauti ya mwisho.

Tangu mwaka wa 1944 hata 1949 alikuwa kiongozi wa wapiga fidla katika okestra ya Minneapolis, chini ya Dimitri Mitropoulos, aliyekuwa mpenzi wa muziki mpya kama yeye. Mwaka wa 1947 walipiga pamoja koncheto ya Roger Sessions, mtunzi wa Marekani, ambayo ilikuwa imeogopwa kwa ugumu wake. Baada ya hapo Krasner alikwenda Chuo Kikuu cha Syracuse, katika jimbo la New York, akafundisha huko miaka mingi. Katika uzee wake alirudi kufundisha katika chuo kile cha Boston alichosoma ujanani. Mke wake, Adrienne Galimir, alikuwa mpiga fidla pia, mzaliwa wa Vienna. Krasner alikufa tarehe 4 Mei, 1995, katika mji wa Brookline, Massachusetts, naye alikuwa na miaka tisini na mmoja.

FAIDA YA KAZI YAKE

Koncheto ya Berg siku hizi haiogopwi. Wapiga fidla wakuu karibu wote huipiga, na vijana hujifunza vyuoni pamoja na ile ya Beethoven. Ile ya Schoenberg ilikawia zaidi. Hata hivyo mwaka wa 2008 Hilary Hahn, mpiga fidla wa Marekani, aliitoa katika santuri iliyosifiwa dunia nzima. Muziki uliozomewa Philadelphia ukawa wa kuleta tuzo.

Wazee husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huja na habari ambazo mwenyeji hana, lakini sharti afunguliwe mlango. Kwa upande wa muziki, mfungua mlango ni mpigaji. Mtunzi aweza kuandika usiku kucha chumbani mwake. Asipotokea mtu wa kujifunza, kusafiri, na kusimama mbele ya watu, kazi yake hubaki katika sanduku. Msikilizaji naye ana sehemu yake, nayo ni kungoja mpaka wimbo uishe kabla ya kuuhukumu. Hayo ni kweli juu ya okestra za Ulaya, na ni kweli vile vile juu ya kijana wa kijijini aletaye wimbo wake mpya katika ngoma ya wazee.

Jambo la mwisho la kukumbukwa ni wakati. Krasner alipompelekea Berg ombi lake, mtunzi huyo alikuwa amebakiwa na miezi isiyotimia kumi na miwili ya kuishi, na hapana aliyejua hayo. Lau angalingoja mwaka mmoja zaidi, mpaka apate jina kubwa, au mpaka watu wauzoee muziki ule, angalikuta kaburi, na koncheto isingalikuwako.